Kuanza kuwinda bata mzinga kwenye ardhi ya umma Marekani

Bata mzinga mwitu yupo katika majimbo 49 ya Marekani. Alaska pekee ndiko hayupo. Katika miaka ya 1930 alikuwa amebaki kwa mafungu machache kwenye misitu ya mbali, baada ya misitu kufyekwa na ndege kuuawa bila mpango. Kilichomrudisha ni fedha za wawindaji wenyewe. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 huelekeza kodi ya bunduki na risasi kwa idara za wanyamapori za majimbo, na kuanzia miaka ya 1950 ndege walinaswa kwa nyavu zinazorushwa kwa mizinga, wakahamishiwa kule walikokuwa wametoweka. Leo mtu asiye na shamba, wala rafiki mwenye shamba, anaweza kumwinda kwenye ardhi ya umma.

Sehemu kubwa ya bidhaa za uwindaji huu ni vifaa vya kuigia mlio, na mgeni huamini kwamba hapo ndipo penye siri. Kwenye ardhi ya umma kuita ni sehemu ndogo tu ya kazi. Dume wa huko amekwisha kusikia kila kifaa kinachouzwa kabla wiki ya kwanza ya msimu haijaisha. Kinachoamua ni mahali ulipokaa, na kama bado umekaa hapo wenzako walipokwisha kurudi kwenye magari yao.

Mwongozo huu unahusu msimu wa machipuo. Msimu wa vuli upo, na baadhi ya majimbo huruhusu hata majike wakati huo, lakini anayeanza aanze na machipuo: dume anawika, na anayewika anapatikana.

Karatasi kabla ya bunduki

Kila jimbo lina sheria zake na tarehe zake. Florida kusini hufungua mapema Machi. Missouri hufungua msimu wa kawaida Jumatatu ya tatu ya Aprili. New York huanza Mei 1. Pakua kijitabu cha kanuni cha mwaka huo kutoka tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo, si cha mwaka jana, usome sehemu ya bata mzinga na sehemu ya ardhi ya umma, kwa sababu mara nyingi hazifanani.

Majimbo mengi hudai cheti cha mafunzo ya uwindaji. Kwa kawaida kigezo ni tarehe ya kuzaliwa: Missouri, kwa mfano, humtaka kila aliyezaliwa Januari 1, 1967 au baadaye awe nacho. Mafunzo hufanyika mtandaoni, pengine pamoja na siku moja ya vitendo, na cheti cha jimbo moja hukubalika katika mengine. Jiandikishe wakati wa baridi. Karibu na msimu nafasi za vitendo hujaa.

Baada ya cheti kuna leseni ya kuwinda, na juu yake kibali cha bata mzinga chenye tagi, yaani lebo ya kufungwa kwenye mguu wa ndege. Mkazi wa jimbo hulipa makumi machache ya dola. Mgeni wa jimbo hulipa zaidi ya dola 100 sehemu nyingi, na kwingine hata zaidi ya 200. Baadhi ya maeneo ya jimbo hutaka kibali cha ziada, au ujiandikishe kila siku kwenye kibanda cha getini, au uombe kwa bahati nasibu ambayo dirisha lake hufungwa miezi kadhaa kabla ya msimu.

Kama si raia, soma hapa kwa makini. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki bunduki kama raia. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, utalii au kazi, kwa kawaida anakatazwa kushika bunduki na risasi. Miongoni mwa mambo yanayomtoa kwenye katazo hilo ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa Marekani. Kwa hiyo leseni iwe mfukoni kabla hajagusa bunduki, hata ya kuazima. Asiye na hati halali za kuwepo nchini haruhusiwi kabisa, na leseni ya kuwinda haimwokoi. Majimbo nayo yanaweza kuongeza masharti.

Unaposoma kijitabu tafuta majibu ya mambo haya: saa za kuwinda (nyingi huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, New York hufunga saa sita mchana), silaha zinazokubalika (raifeli mara nyingi haziruhusiwi katika machipuo), ukubwa wa marisau, yaani vitufe vidogo vya madini ndani ya katriji (Missouri haikubali makubwa kuliko namba 4; namba ikipanda, risau ni dogo zaidi), idadi ya katriji ndani ya bunduki, na ndege yupi halali. Majimbo mengine husema "dume", mengine husema "mwenye ndevu", na hizo si sheria moja, maana baadhi ya majike huota ndevu, yaani nywele ngumu za kifuani. Chambo na sauti za kurekodi zimepigwa marufuku karibu kila mahali.

Ardhi ipi

Misitu ya Taifa ndiyo mlango mpana zaidi. Mark Twain iliyoko Missouri ina takriban ekari milioni 1.5; Allegheny ya Pennsylvania inazidi ekari 500,000; Black Hills ya Dakota Kusini ina bata mzinga wa aina ya Merriam, mwenye ncha nyeupe za mkia, kwenye misonobari. Magharibi kuna ardhi ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, maarufu kwa herufi BLM. Kila jimbo lina maeneo yake ya usimamizi wa wanyamapori, na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi kina vipande vingi kandokando ya mabwawa, ambavyo watu huvisahau. Hifadhi za Taifa kwa kawaida haziruhusu uwindaji. Makimbilio ya wanyamapori ya shirikisho huruhusu mengine, mengine la, na yanayoruhusu yanaweza kukataa marisau ya madini ya risasi. Kansas na Nebraska zina mipango inayowalipa wenye mashamba ili umma uingie kwa miguu. Ramani zake ni za bure.

Simu yenye programu ya ramani inayoonyesha mipaka ya umiliki, kama onX Hunt au HuntStand, inalipa gharama yake siku ya kwanza. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa nyumbani, maana mabondeni hakuna mtandao. Kwa Msitu wa Taifa, chukua pia ramani ya bure ya barabara zinazoruhusiwa magari. Ile ndiyo inayokuonyesha barabara zilizofungwa kwa geti, na geti lililofungwa ni habari njema kwako: nyuma yake watu huenda kwa miguu tu.

Zingatia barabara za zamani za kusombea magogo, migongo ya vilima, kingo za maeneo yaliyo wazi, mito yenye miti mikubwa, na huko kusini, misonobari iliyochomwa kwa mpango mwaka huo au uliotangulia. Bata mzinga hupenda ardhi iliyoungua kwa sababu wadudu na machipukizi huonekana na adui hana pa kujificha. Usidharau pia kipande kidogo kando ya barabara kuu kisicho na maegesho ya kueleweka. Wengi hukipita wakikimbilia katikati ya msitu.

Weka alama mahali pasipopungua patatu. Ukikuta gari limeegeshwa kwenye geti la kwanza, nenda la pili. Kumfuata mwenzako gizani ni utovu wa adabu, na ni hatari.

Kumtafuta kabla ya msimu

Wiki mbili au tatu kabla ya kufunguliwa, fika mgongoni mwa kilima dakika 40 kabla ya jua, usimame, usikilize. Usiite. Kumwita dume kabla ya msimu ni kumfundisha kwamba jike yule ni mtu. Kuwika kwake ni mlio wa haraka wa gulugulugulu. Siku tulivu isiyo na majani mengi husikika kilomita moja na zaidi. Weka alama ya mwelekeo kwenye ramani, sogea, sikiliza tena, mistari ikutane.

Jua likishapanda, tembea polepole ukitafuta dalili. Majani yaliyopekuliwa yakaacha udongo wazi ni chakula. Rundo lililosukumwa nyuma linakuonyesha alikuwa anaelekea upande wa pili. Kinyesi cha dume ni kirefu na kimepinda mwisho mithili ya herufi J, cha jike kimejisokota au kurundikana. Unyayo unaozidi inchi 4 (sentimita 10) ni wa dume. Unyoya wa kifuani wenye ncha nyeusi ni wa dume, wenye ncha ya kahawia ni wa jike. Mistari miwili sambamba ya kukwaruza kwenye vumbi la barabara ya magogo ni ncha za mabawa ya dume aliyekuwa akijitutumua, yaani amevimbisha manyoya na kutanua mkia. Hapo ni mahali pa kukaa saa nne asubuhi.

Jioni kabla ya siku yako, rudi machweo. Bata mzinga hulala mtini, na hupanda kwa kelele za mabawa. Ukiiga bundi au kunguru, dume aliyekwisha kupanda anaweza kuwika kwa mshtuko, naye anakuwa amekuonyesha mti wake. Ondoka kimya.

Bunduki na mtawanyiko wake

Shotigani, yaani bunduki ya marisau, ya geji 12 au geji 20 inatosha. Anayechukia teke la bunduki achukue geji 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi. Katriji za kisasa zimeifanya iwe sawa na kazi. Fungia mwishoni mwa mtutu choki (kipande kinachobana marisau yasitawanyike mapema) ya kubana sana, ama ile iitwayo ful au ya bata mzinga hasa.

Katriji za madini ya risasi namba 4, 5 na 6 ndizo za kawaida. Aunsi moja ya namba 4 ina marisau yapatayo 135, namba 5 yapatayo 170, namba 6 yapatayo 225. Namba 5 ni uchaguzi wa kati ambao ni vigumu kuulaumu. Marisau ya tangsteni ni mazito zaidi kwa ujazo ule ule, ndiyo maana yale madogo ya namba 9 hupenya vizuri, lakini katriji moja inaweza kuzidi dola 10. Mgeni hazihitaji.

Anachohitaji ni kujua bunduki yake inafanya nini. Tundika karatasi pana, chora duara la inchi 10 (sentimita 25), weka nukta katikati. Anza na katriji nyepesi za mazoezi kurekebisha shabaha, kwa sababu zile za bata mzinga zinaumiza bega, na mtu aliyeumia huanza kufumba macho. Kisha piga moja moja ya ile utakayoitumia, kutoka yadi 20, 30 na 40 (mita 18, 27 na 37), karatasi mpya kila mara. Kipimo cha siku zote ni marisau 100 ndani ya duara. Umbali ambao hesabu inashuka chini ya hapo si umbali wako, hata kama boksi la katriji linasema vingine. Badilisha choki au chapa ya katriji ujaribu tena. Bunduki mbili za aina moja huweza kupenda katriji tofauti kabisa.

Piga pia karatasi moja kutoka yadi 12. Utakuta tundu la ukubwa wa ngumi. Ndiyo sababu watu humkosa dume aliyekuja karibu mno: marisau hayajatawanyika, na kichwa kinachezacheza. Sababu nyingine kubwa ya kukosa ni kunyanyua shavu kutoka kwenye kitako ili kumwona ndege vizuri. Marisau hupita juu ya kichwa chake. Kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu hupunguza kosa hili.

Kuita

Jifunze milio miwili, uache mingine kwa mwaka wa pili. Wa kwanza ni wito wa jike: sauti tano hadi saba mfululizo, kila moja ikianza juu na kuvunjika kuelekea chini. Wa pili ni "ko" fupi, moja au mbili, ya ndege anayejilia bila wasiwasi. Mdundo una uzito kuliko utamu wa sauti. Majike wengi wa kweli wana sauti mbaya.

Kisanduku cha mbao chenye kifuniko cha kusugua ndicho rahisi zaidi kwa mwanzo. Kipake chaki isiyo na mafuta, na ukitembea kifunge kwa mpira kisilie chenyewe begani. Mvua hukiua. Kibao cha mviringo cha jiwe, kioo au alumini na kijiti chake hutoa sauti laini zaidi: shika kijiti kama kalamu, chora viduara vidogo bila kukinyanyua, na ukwaruze uso wa kibao kwa msasa kila unapoanza kuteleza. Usiuguse kwa vidole, mafuta ya ngozi hukizima. Kiwambo cha mdomoni ndicho pekee kinachoacha mikono yote miwili huru ndege anapokuwa karibu. Siku za kwanza utataka kutapika; fanya mazoezi garini. Unaporudi nyumbani pachika kijiti cha meno kati ya tabaka zake zisishikane.

Usalama, maana si peke yako

Hatari kubwa kwenye ardhi ya umma ni mwindaji mwingine anayeamini kwamba wewe ni bata mzinga. Umevaa nguo za mabaka, umejificha, unatoa mlio wa ndege. Kichwa cha dume kina rangi nyekundu, nyeupe na buluu: usivae hata soksi, fulana ya ndani au leso ya rangi hizo.

Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako na mrefu kuliko kichwa chako. Usiunyemelee mlio, unaweza kuwa ni mtu mwenye kisanduku, na Pennsylvania imeweka kwenye kanuni kwamba bata mzinga wa machipuo huitwa, hanyemelewi. Ukimwona mtu anakuja upande wako, usipunge mkono wala usipige mlio. Ongea kwa sauti ya kawaida iliyo kubwa: "Nipo hapa." Subiri akujibu. Ukihama, vaa kofia au fulana ya rangi ya chungwa, na sanamu za bata mzinga, zile za kumvutia dume, zikae ndani ya mfuko, kichwa kisitokeze.

Kifaa cha kuigia kuwika kwa dume kiache nyumbani. Vivyo hivyo mtindo wa kumtambalia dume ukijificha nyuma ya mkia wa bata mzinga uliotanuliwa, ulioushika mkononi. Baadhi ya majimbo yameukataza kwenye ardhi ya umma, na pale usipokatazwa bado ni kujiombea risasi.

Kupe nao wasomwe humu humu. Nyunyizia nguo na buti permethrini ya asilimia 0.5 siku moja kabla, zikauke kabisa. Haipakwi mwilini, na ikiwa mbichi ni sumu kwa paka. Kuna kupe anayesambaza ugonjwa wa Lyme, na kuna mwingine ambaye kuumwa naye kunaweza kukuachia mzio wa nyama nyekundu. Nyama ya bata mzinga bado utaila, lakini ni faraja ndogo.

Asubuhi yenyewe

Uwe umekaa saa nzima kabla ya jua. Glavu, kitambaa cha kufunika uso, kiti cha sponji, maji, kalamu ya kujazia tagi, tochi yenye mwanga mdogo. Bata mzinga ana pua dhaifu, lakini macho yake huona karibu pande zote na hutambua rangi. Anachokamata ni mwendo, basi. Mtu aliyetulia mbele ya mti hata bila nguo nzuri ana nafasi kuliko aliyevaa vizuri akajikuna.

Ukimjua aliko mtini, sogea hadi yadi 150 (mita 137) hivi kama miti haina majani, karibu kidogo zaidi kama yameota. Karibu kuliko hapo atakuona au atakusikia. Kaa usawa wake au juu yake kwenye mteremko, kwa kuwa hushuka shingo upande kuelekea mlio ulio bondeni. Hakikisha kati yenu hakuna kijito, uzio wala kichaka kizito. Anaweza kuruka vyote hivyo. Mara nyingi hataki.

Halafu jambo ambalo wageni hulikosa zaidi: usikae mahali unapoona mbali. Dume akiitwa hutegemea kumwona jike. Akifika yadi 80 kwenye uwanda uliosafi, asione jike yeyote, husimama hapo, hujitutumua, huwika, na hachukui hatua nyingine. Kaa nyuma ya kona ya barabara ya magogo au chini kidogo ya ukingo wa kilima, ili pale anapoweza kuona mlio umetoka wapi awe tayari ndani ya umbali wako wa kupiga. Pima mapema: mti ule ni yadi 30, kisiki kile ni 40. Ukitumia sanamu, jike mmoja anatosha, yadi 15 hadi 20 mbele yako.

Mwenye kushika bunduki kulia aelekeze bega la kushoto upande wa ndege, mtutu ukiwa juu ya goti la kushoto tangu mapema. Ukingoja afike ndipo uinue bunduki, umechelewa.

Mwanga unapoanza, toa wito mmoja laini akiwa bado mtini. Akijibu, nyamaza. Ni vigumu kuliko inavyosikika, kwa sababu kila akiwika mkono unawasha. Ukiendelea kumwita atakaa mtini akingoja jike aje kwake, maana ndivyo ilivyo kwa kawaida yao: jike ndiye huenda kwa dume. Akishashuka, mpe wito mwingine na "ko" mbili, weka kifaa chini, mikono kwenye bunduki.

Mara nyingi atashuka na majike na kwenda nao upande mwingine. Usiwafukuze. Jike huatamia mayai 10 hadi 12 kwa siku kama 28, na kabla ya kuanza kuatamia huenda kiotani kutaga asubuhi ikishapanda. Kuanzia saa tatu hadi saa sita dume huachwa peke yake. Huo ndio wakati wa ardhi ya umma: wengi wamekwenda kunywa kahawa, na dume aliyekupuuza alfajiri sasa anatafuta. Rudi mahali ulipomsikia mwisho, au kwenye ile barabara yenye mikwaruzo ya mabawa, uite kwa upole kila baada ya dakika 15 hadi 20.

Ndege aliyekwisha kuwindwa huja kimya. Akiacha kujibu, usiamke. Kaa dakika 45 zaidi, masikio yakitafuta mvumo mzito wa chini unaosikika zaidi kifuani kuliko sikioni. Ni dume anayejitutumua, na yupo ndani ya yadi 60 au 70. Watu wengi humfukuza dume wao kwa kusimama kujinyoosha.

Upepo mkali ukivuma, tafuta mabonde yaliyokingwa. Mvua ikinyesha, ndege hutoka kwenda kwenye uwazi, kwa sababu msituni matone huwaziba masikio.

Kupiga, na yanayofuata

Tazama ndevu, zile nywele ngumu zinazoning'inia kifuani, kabla kidole hakijaingia kwenye kifyatulio. Dume mchanga wa mwaka mmoja ana ndevu za inchi 3 hadi 5, na akitanua mkia manyoya ya katikati hutokeza kuliko ya pembeni; dume mzima ana ndevu za inchi 9 au 10 na mkia uliolingana. Mchanga ni halali katika majimbo mengi. Mpige ukimtaka, usimsikilize anayekucheka.

Usipige aliyejitutumua, shingo imejikunja ndani ya manyoya. Toa "ko" moja kali. Atashusha manyoya na kunyoosha shingo. Lenga pale manyoya yanapokutana na ngozi ya shingo, shavu likibaki kwenye kitako. Angalia kwamba hakuna ndege mwingine nyuma yake. Ukisikia "pt! pt!" kavu, amekushtukia: una sekunde mbili, kama yuko ndani ya umbali wako. Kama hayuko, mwache.

Akianguka, weka bunduki kwenye loki, mwendee haraka, kanyaga shingo hadi atulie. Jihadhari na vikwaru vya miguuni. Vya dume mzee huzidi inchi moja na huchoma hadi damu. Jaza tagi na uifunge pale pale kabla ya picha. Mfunge kwa kitambaa cha rangi ya chungwa au mtie mfukoni mzima, hata mkia usionekane, kisha utoke.

Kuripoti kuna saa ya mwisho. Missouri ni saa nne usiku siku ile ile, kwa simu au mtandao. Majimbo mengi hutaka ndevu au kichwa kibaki na mzoga hadi uripoti, kwa hiyo usichinjechinje porini bila kusoma kanuni hiyo.

Siku za Mei zina joto. Toa matumbo mapema na utie mfuko wa barafu ndani ya kifua kama gari liko mbali. Si lazima kunyonyoa: pasua ngozi juu ya mfupa wa kifua, ivute pembeni, toa minofu miwili, kisha ukate mapaja kwenye maungio. Papasa minofu kwa vidole kutafuta marisau. Kifua ni laini, hupikwa haraka kwa moto wa wastani na hukauka ukikipitiliza. Mapaja yana kano ngumu kama waya. Yachemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa tatu au nne hadi nyama iachane na mfupa, uzitoe kano zote kwa mkono. Wawindaji wengi huyatupa, na katika baadhi ya majimbo kutupa nyama inayolika ni kosa la kisheria.